Swali la Tatu la Mnyapara

Neno mnyapara halina sifa nzuri kwetu. Mtajie mtu wa Bariadi wa rika langu, atakusimulia habari za babu yake aliyelimishwa barabara kwa kiboko. Huyu wangu nilimkuta ameshapewa jina hilo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba nilikofanya kazi misimu kumi na mmoja, na kiboko hakuwa nacho. Alikuwa na kofia ya kitambaa ambayo rangi yake ilishamezwa na vumbi la pamba, alikuwa na suruali mbili za kaki, na alikuwa na tabia moja iliyowatisha watu kuliko kiboko chochote. Ukimwambia jambo, alikusikiliza mpaka mwisho.

Msicheke. Jaribuni kusikilizwa hivyo siku moja, mtaona shughuli yake.

Ndani ya kiwanda huwezi kuzungumza. Mashine zikiwaka, unamwona mwenzako anafungua mdomo tu. Wasimamizi wengine walikuwa wanakuinamia, wanatikisa kichwa, "sawa, sawa," halafu wanaondoka, na wewe unabaki hujui kama wamesikia kwamba unaumwa au kwamba umeomba sabuni. Mnyapara hakukubali kupigiwa kelele sikioni. Alikuonyesha mlango kwa kidevu, mkatoka hadi nyuma ya stoo ya mbegu, ambako aliweka benchi la mbao alilolipigilia misumari mwenyewe. Hapo alivua kofia, akaitundika gotini, akasema, "Haya, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wanawake wote alituita hivyo, hata wasichana waliokuwa hawajaota akili. Ukimaliza kusema alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kingine?" Unaongeza. Ananyamaza tena. "Na kingine?" Na tena.

Mara ya kwanza unatoa malalamiko uliyoyaandaa. Mara ya pili unayarudia yale yale kwa hasira. Mara ya tatu ndiyo tuliyoiogopa, kwa sababu maneno uliyokuja nayo yameisha, na mzee yule bado amekukazia macho, hana haraka, wala hakusaidii. Hapo ndipo watu walipojikuta wanasema mambo. Mpakiaji mmoja wa magunia, jitu la miraba minne, alitoka nje akidai glavu, swali la tatu likamkuta analia kwamba mkewe amerudi kwao Maswa na hajui aanzie wapi. Glavu alipata. Mke naye alirudi, ingawa sisemi aliyemrudisha ni Mnyapara. Yeye alitoa tu ruhusa ya siku nne, mume akamfuate.

Wala msimdhanie mpole. Geti lilifungwa saa moja kamili asubuhi, na ukifika saa moja na dakika mbili, umebeba mtoto mgongoni na mvua inakunyeshea, unarudi nyumbani. Nyimbo hakuzitaka kabisa. Wanawake wa kwetu huimba kazini tangu kuumbwa, yeye akatukataza, eti wimbo unaficha sauti ya mashine inayotaka kuharibika. Nilimchukia kwa hilo na bado kidogo namchukia. Na ole wako umsifu. Siku moja diwani alisimama mbele yetu kumwaga sifa za Mnyapara, na alipogeuka amwonyeshe kwa mkono, mwenyewe alishaondoka zamani, yuko huko nyuma anakagua mkanda wa mashine.

Nilikuwa na sababu yangu ya kumtazama kwa makini namna hiyo. Niliingia pale msimu ule ule biashara huria ilipotufikia sawasawa, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Ushirika ulikuwa umechoka. Ghafla barabara zikajaa wanunuzi wa kila aina na pikapu zao, kila mmoja anataka kumwahi mwenzake, wananunua pamba mpaka kwenye vichochoro. Kiwanda chetu nacho kikapata tajiri. Mimi nilikuwa nimetoka Nassa na binti yangu Neema, hajafikisha hata mwaka, nimemkimbia mwanaume ambaye mikono yake ilikuwa myepesi kuliko maneno yake. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa Somanda. Kazi yangu ilikuwa mezani, kutoa majani, vijiti na kokoto kwenye pamba kabla haijaingia kwenye mashine. Bila meza ile nisingekuwa na chumba, na bila chumba ningerudi Nassa. Nilijua kabisa kinachonisubiri huko.

Tajiri akamleta meneja kutoka Mwanza, kijana nadhifu, soksi nyeupe kwenye vumbi lote lile. Asubuhi ya Jumatatu alitukusanya wanawake wa mezani, akatuambia mashine zinakwama kila siku, kazi haiendi, na sisi tupo wengi mno. Nusu yetu tungeondoka. Majina angeletewa na Mnyapara siku ya Ijumaa kwenye karatasi. Alisema hivyo kwa Kiswahili laini cha ofisini, akatushukuru kwa ushirikiano, akaingia ndani. Hakuna aliyejibu. Kwetu mtu akikutangazia msiba hubishani naye, unatazama chini, na yule kijana akadhani tumekubali.

Jumanne Mnyapara akaanza kutuita kwenye benchi, mmoja mmoja, kwa zamu. Mezani hapakukalika. Kila anayerudi tulimsoma uso. Kuna aliyempelekea kuku, akarudishwa na kuku wake. Kuna aliyejifunga kitambaa kipya. Mimi nilikuwa na mpango wa kuongea tu, kwa sababu kuongea ndicho kipaji changu, hata wanaonichukia wanakubali.

Zamu yangu ilikuja Jumatano. "Mwangaluka, baba," nikamsalimia. Akaitikia, akavua kofia. Nikaanza. Nilimweleza habari za Nassa, za mwenye nyumba, za Neema na kikohozi chake, nikaonyesha na kovu. Nilipoona hajatikisika, nikamkumbusha kwamba mikono yangu ina kasi kuliko ya wote pale mezani.

"Na kingine?"

Nikarudia, safari hii na machozi, na machozi hayakuwa ya uongo.

"Na kingine?"

Sikuwa na kingine. Nilitazama chungu ya mbegu, nikatazama viatu vyake. Kimya kikawa kirefu mpaka nikaona aibu, na katika aibu ile nikafungua mdomo nikasema jambo ambalo halikunihusu. Nikamwambia, "Baba, mashine zinakwama kwa ajili ya maji. Na Mama Kulwa anajua gunia lenye maji kabla halijafunguliwa."

Akasogea mbele. "Anajuaje?"

Mama Kulwa alikuwa jirani yangu wa mezani, mama wa mapacha, mtu wa maneno matatu kwa siku na yote ya Kisukuma. Ndiye aliyenifundisha kazi kwa kunipiga mkono nikikosea. Nilikuwa nimemwona mara nyingi. Gunia likiletwa mezani, huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu juu pamba ni kavu daima, jua limeshaifunika hila. Anachomoa pamba ya katikati, anatoa mbegu moja, anaing'ata. Mbegu kavu hupasuka kwenye meno. Yenye maji hubonyea tu. Akiibonyeza hivyo hunong'ona kwa hasira, "Maji," na nusu saa baadaye pamba ya gunia lile inajiviringisha kwenye mashine, mafundi wanakimbia na visu, kazi inasimama. Hakuwahi kumwambia mtu. Na mimi nilijua kwa nini, maana aliponiamini aliniambia. Nyumbani kwao nao walikuwa wanamwagia pamba yao maji.

Wengi walimwagia msimu ule, tusidanganyane. Wanunuzi wa barabarani walikuja na mizani zilizochezewa, mkulima naye akatafuta namna yake. Jioni ndoo moja katikati ya gunia ili lizidi uzito, asubuhi sehemu ya juu imekauka, mnunuzi kwa pupa ya kumwahi mwenzake hata mkono haingizi. Lakini mtu wa kiwandani ambaye mumewe anamwagia pamba maji! Yule angeondoka bila kusubiri Ijumaa, na mimi ndiye niliyemtaja. Nilirudi mezani.

Mama Kulwa aliitwa dakika ile ile. Akakaa huko mpaka kengele ya mchana. Tulimwona akirudi taratibu, akaketi karibu yangu, akafungua kitambaa chake cha chakula.

"Umeniuza," akasema.

"Nimekuuza, mayu. Nisamehe."

"Nimemwambia tunamwagia. Nimemwambia mpaka ndoo yenyewe, ile ya bluu."

"Akasemaje?"

Akatafuna kwanza. "Akaniuliza na kingine."

Tulicheka mpaka tukapaliwa, sisi wawili ambao huenda kesho yake hatuna kazi. Sijui kama naweza kueleza vizuri kilichotupata pale. Yule mama alikuwa amebeba siri ile kama mzigo wa kuni, na mtu mwenye uwezo wa kumfukuza alikuwa ameipokea bila kubadilika uso, kisha akataka kujua zaidi. Mchana ule alizungumza kuliko mwezi mzima uliotangulia. Alinionyesha hata namna ya kutambua kwa harufu.

Alhamisi asubuhi lori liliingia, na Mnyapara akamwita Meneja getini. Mama Kulwa alisimama kando ya magunia, mikono nyuma. Mnyapara akachagua gunia, akamwomba Meneja aguse juu. Kavu. "Zamisha mkono, bwana." Kijana akakunja shati lake safi, akazamisha. Kisha Mama Kulwa akampa mbegu mbili, moja ya gunia hili na moja ya lile, na Mnyapara akasema, "Ng'ata." Meneja aliitazama ile mbegu kama mtu aliyepewa dawa ya minyoo. Akang'ata ya kwanza, ikapasuka. Akang'ata ya pili, ikabonyea, akatema, akaomba nyingine. Akapitia magunia sita yeye mwenyewe, soksi nyeupe zikabadilika rangi, na kila akibonyeza mbegu alimgeukia Mama Kulwa kuona kama amepatia.

Ijumaa karatasi ilipelekwa. Ilikuwa na majina yetu sote. Nusu mezani, nusu getini kung'ata mbegu kabla pamba haijapokelewa, na kando ya geti maturubai ya kuanikia pamba iliyolowa, mwenye mali arudi keshoye bila kutukanwa. Hilo la kutotukana alilisisitiza mno. Mashine zikaacha kukwama, Meneja akaacha kutuhesabu, na mimi nikalipa chumba changu Somanda mpaka Neema akaanza shule.

Watu husema alikuwa na bahati ya kupata wafanyakazi wazuri. Mimi nakataa. Tulikuwa wavivu na wambea wa kawaida kabisa. Lakini ukishajua kwamba utaulizwa, na kwamba jibu lako litasikilizwa, unaanza kutazama. Baada ya msimu ule mfagizi alikuja benchini na habari za waya uliochubuka. Mpishi wa chai aligundua kwamba upepo ukivuma kutoka kaskazini vumbi linaingia kwenye injini. Kila mmoja alitafuta jambo lake la kupeleka, maana ilikuwa aibu kufika swali la tatu mikono mitupu. Nami nilipokuja kuchaguliwa kuongoza wanawake wa getini, Mama Kulwa alipozeeka, nilikuta siongozi kitu. Kazi yangu ilikuwa kufunga mdomo, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia.

Nyumbani kwa Mnyapara ilikuwa hadithi nyingine. Mkewe nilizoeana naye sokoni, mama mcheshi, na siku moja nilipoanza kumpamba mumewe alinikatiza. "Huyo mnayemtaja mimi simjui," akasema. "Wangu nimemwambia paa linavuja tangu mvua za kwanza. Nimwambie mara ngapi? Masikio yake yote anayamalizia kwenu." Paa lilizibwa siku matone yalipoangukia kwenye bakuli lake la mchuzi. Nilipomuuliza Mnyapara juu ya hilo, nikijidai namtania, alitazama pembeni akasema, "Mama ana haki." Bila nyongeza.

Nilimwona mara ya mwisho miaka mingi baadaye, Bariadi imeshakuwa makao makuu ya mkoa, maofisi kila kona na bodaboda zinatukosakosa barabarani. Nilisikia kwamba hatoki tena, nikaenda na sukari na mche wa sabuni. Nilimkuta barazani anabangua karanga, amepungua, vidole vimekakamaa, ila macho yale yale.

"Mwadila, baba," nikamsalimia.

"Mwadila, mayu. Wewe ni yule wa Nassa. Kelele zako nimezisikia tangu njiani."

Mkewe akatuletea chai na michembe ya viazi. Tukaongea habari za waliokufa, kisha za wanaoishi. Nikamwambia nilichokwenda kumwambia, kwamba karatasi yake ya siku ile ndiyo iliyoniweka mjini, na kwamba Neema sasa ni mwalimu. Nilitegemea ainuke aondoke, kama kawaida yake akisifiwa. Safari hii hakuwa na miguu ya kuondoka nayo.

"Ile ya Ijumaa ilikuwa karatasi ya pili," akasema.

"Ya pili?"

"Ya kwanza niliandika Jumatatu. Meneja alipomaliza tu kuzungumza, nikaenda stoo nikaandika."

"Jumatatu hukuwa umemwita mtu benchini."

"Sikuwa nimemwita mtu."

Nilijua niulize nini, na sikutaka kuuliza. "Mimi nilikuwemo?"

"Ulikuwa wa kwanza," akasema. "Mgeni, una mtoto mchanga, unaongea siku nzima. Nikasema huyu hana anachokijua. Niliwaita benchini ili nikiwaondoa nipate usingizi. Karatasi ilikuwa mfukoni humu wakati unanionyesha kovu."

Iliniuma. Miaka yote ile nilikuwa nimeibeba siku ile kama siku ambayo mtu alinisikiliza, kumbe alikuja ameshanifukuza. Niliweka kikombe chini, na nikamwambia wazi kwamba ananiumiza.

"Najua," akasema. "Lakini wewe ulibaki. Wewe uko hapa unakunywa chai."

Akaendelea kubangua. Nikasubiri, kwa kuwa nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba hajamaliza.

"Kabla yako kulikuwa na msimu mwingine," akasema. "Ushirika ndio unayumba. Wakaniambia hivyo hivyo, leta karatasi. Nikaandika nikapeleka siku ile ile. Sikumuuliza mtu kitu. Benchi lile nilikuja kulitengeneza baadaye, kwa sababu ya wale niliowaondoa. Nikakaa hapo miaka nasikiliza habari za sabuni na glavu, nikadhani nimepona. Meneja alipotaka karatasi, mkono ukaandika tena kama zamani."

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne. Mpaka leo sijui walikuwa wanajua nini."

Alisukuma ungo wa karanga pembeni na kuanza kuwataja. Wa kwanza alikuwa mama wa Dutwa, mguu mmoja mfupi, aliyepanga magunia yasianguke bila kufundishwa na mtu. Wa pili alikuwa na ndevu tatu kidevuni na hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alimkumbuka kila mmoja na kijiji chake, mahali alipokaa mezani, na nguo aliyovaa siku aliyoondoka. Mkewe alitoka ndani na birika, akasikia, akaketi kizingitini bila kumimina. Nilikaa pale mpaka akafika wa kumi na nne.